Kupakia gari la chini sana kwenye trela ya boksi bila kulikwaruza tumbo

Gari la michezo likikwaruza tumbo wakati linapanda trela, lawama humwangukia aliyeshika usukani. Mara nyingi hana kosa. Kosa lilifanyika nusu saa kabla, trela ilipoegeshwa popote palipokuwa wazi, mlango ukashushwa, na mtu akapaza sauti: "Njoo taratibu, linapita hilo!" Utaratibu haupunguzi mwinuko. Gari litakalogusa rampu kwa kasi litaigusa pia kwa mwendo wa kobe, ila kwa kobe utausikia mlio vizuri zaidi.

Kazi ya kupakia niliianzia Tanga nikiwa utingo wa Fuso. Rampu hatukuwa nayo. Gari bovu likitakiwa kupanda lori, tulitafuta tuta la udongo kando ya barabara, dereva akarudi nyuma mpaka bodi ikalingana na tuta, tukalisukuma gari likaingia kama mgeni anayeingia sebuleni. Leo navuta trela ya futi 24 huku Marekani, nikipeleka magari ya watu kwenye maonyesho na viwanja vya mashindano, na bado nusu ya kazi yangu ni kutafuta tuta.

Mfano wangu humu ni Chevrolet Corvette C8, ile iliyoanza na toleo la mwaka 2020, injini ikiwa nyuma ya viti. Nimeichagua kwa sababu ipo tele na ina matatizo yote kwa pamoja: pua ndefu, tumbo la chini, upana wa mita 1.93 na uzito wa kama kilo 1,650, asilimia 60 ya uzito huo ukiwa nyuma. Kimo chake ni mita 1.23. Yapo ya chini zaidi. Ford GT40 ilipata ile 40 katika jina lake kutokana na kimo cha inchi 40, yaani kama mita moja na sentimita 2. Lakini kimo cha paa kisikutishe wala kisikudanganye. Kinachokuhusu wewe ni nafasi iliyopo chini ya gari.

Pima gari kwanza

Chukua tepu ya fundi, kipande cha ubao ulionyooka na karatasi. Hakikisha tairi zina upepo wake kamili, maana tairi iliyolegea inakuibia sentimita mbili na utakuja kuzilipa kwenye bampa. Unatafuta vipimo vitatu.

Pua. Pima kutoka pale tairi ya mbele inapogusa ardhi hadi ncha ya chini kabisa ya bampa, halafu pima ncha hiyo iko juu kiasi gani. Tuseme umepata sentimita 75 kwenda mbele na sentimita 11 kwenda juu. Gawanya 11 kwa 0.75 na utapata karibu 14.7. Maana yake, pua inaweza kuukabili mwinuko wa sentimita 14 na kitu kwa kila mita moja, na ukizidi hapo inagusa. Ondoa mbili za tahadhari, andika 12.

Tumbo. Pima umbali kati ya vitovu vya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa C8 ni mita 2.72. Kisha lala chini, utafute sehemu ya chini kabisa katikati ya gari. Tuseme ni sentimita 13. Zidisha kwa nne, gawanya kwa 2.72, utapata 19. Hicho ndicho kiasi cha mvunjiko ambacho tumbo linavumilia pale rampu inapokutana na sakafu ya trela. Wengi huisahau sehemu hii. Pua ikishapita salama wanashangilia, kisha gari linakaa juu ya ukingo wa mlango kama punda aliyegoma.

Mkia. Fanya kama ulivyofanya kwenye pua, ila kutoka tairi ya nyuma kurudi nyuma. Magurudumu ya nyuma yakifika mguuni pa rampu huku mbele ikiwa imeshapanda, mkia unainama kuelekea ardhini kwa mwinuko uleule. Kwa kawaida C8 haina shida hapa, lakini magari yaliyoongezewa mabawa ya chini huwa nayo.

Baadhi ya C8 zina kitufe cha kuinua pua, inapanda milimita 40 kwa sekunde chache. Kitu kizuri. Mimi hupiga hesabu zangu kana kwamba hakipo, halafu nakibonyeza.

Pima trela

Trela yangu ina sakafu iliyo sentimita 55 kutoka ardhini pale nyuma. Mlango unaolala chini na kuwa rampu ni mita 2, na ulimi wake, kile kipande kinachokunjuka mwishoni mwa mlango na kugusa ardhi, ni sentimita 40. Jumla mita 2.4. Gawanya 55 kwa 2.4 na utapata sentimita 23 kwa kila mita.

Linganisha na gari. Pua inaruhusu 12, tumbo linaruhusu 19, na rampu inadai 23. Gari litagusa mara mbili, kwanza pua na kisha tumbo, na hakuna dereva duniani wa kuliokoa. Hesabu hii inachukua dakika tano. Bampa la mbele la kaboni ni mshahara wa mtu.

Chagua pa kuegesha

Hapa pana mtego uliowahi kuninasa hata mimi mtoto wa tuta. Watu husema, "Geuza matako ya trela yaangalie mlima, rampu italala." Ni kweli rampu italala, lakini gari linakuja likishuka mlima huo, na pua inakutana na rampu ikiwa imeinama. Ulichookoa kwenye rampu umekirudisha kwenye pua. Mlima unalisaidia tumbo peke yake.

Tuta ni jambo jingine, kwa sababu juu yake ni tambarare. Gari linasimama sawa, rampu inaanzia juu, na sehemu zote mbili zinapona. Kwa hiyo tafuta kibaraza cha saruji, ukingo wa maegesho uliopanda kidogo kisha ukawa bapa, au jukwaa la kushushia mizigo lililo chini. Ukikipata chenye kimo cha sentimita 30 hivi, kazi imekwisha na mengine yote ni kufunga mikanda.

Usipokipata, fanya kinyume: pandisha pikapu inayovuta trela. Iegeshe ikiwa imepanda mwanzo wa mwinuko, kwa mfano njia ya kuingilia nyumbani kwa mtu, huku magurudumu ya trela yakibaki barabarani tambarare. Shingo ya trela, yaani sehemu ya mbele inayoungana na pikapu, ikiinuka, mkia unashuka, kama ubembea wa watoto wenye egemeo kwenye ekseli. Kwangu, kutoka kwenye mpira wa kuvutia, ule wa chuma ulio nyuma ya pikapu, hadi ekseli ni mita 5.6, na kutoka ekseli hadi mkia ni mita 3. Nikiinua shingo sentimita 22, mkia unashuka 12. Sakafu sasa iko 43 badala ya 55.

Faida ni mbili kwa bei ya moja. Sakafu yenyewe nayo imelala kwa mwinuko wa sentimita 4 kwa kila mita, ikielekea upande uleule wa rampu. Mvunjiko pale mlangoni unapungua kwa zile 4, na tumbo linapumua.

Kama hakuna mwinuko karibu, pandisha magurudumu ya nyuma ya pikapu juu ya mbao. Jeki ya shingo ya trela inaweza kuongezea kidogo, lakini kuwa mwangalifu: breki ya kuegeshea ya pikapu hushika magurudumu ya nyuma. Ukiyainua kwa jeki hadi yaguse ardhi kwa kubembeleza, breki hiyo haishiki chochote. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele ya pikapu na kwenye magurudumu yote ya trela, mbele na nyuma, kabla hujagusa kitu kingine.

Na trela isichomolewe kwenye pikapu. Isichomolewe hata kama mwenye gari anataka uharakishe, hata kama ni dakika moja. Gari kama hili likifikisha magurudumu yake ya nyuma ukingoni mwa sakafu, linaiinua shingo ya trela kwa nguvu ya zaidi ya kilo 500. Trela isiyofungwa itarusha shingo hewani huku gari likiwa katikati ya mlango. Kama trela yako ina miguu ya kukaza chini ya mkia, ishushe baada ya kupata urefu unaoutaka, si kabla, vinginevyo itakuzuia kuushusha mkia.

Tengeneza ngazi ya mbao

Bado hatujafika 12 ya pua. Sakafu iko 43, rampu ni mita 2.4, mwinuko ni 18. Kilichobaki ni kuuinua mguu wa rampu na kuutengenezea njia ndefu ya kuufikia.

Nunua mbao ambazo Wamarekani huziita mbili kwa kumi na mbili. Zikipimwa kweli zina unene wa sentimita 3.8 na upana wa kama 28. Nne zikipangwa moja juu ya nyingine zinafika sentimita 15. Kila ya chini iwe ndefu kuliko ya juu yake kwa sentimita 38, utapata ngazi inayopanda sentimita 10 kwa kila mita. Kingo zichonge zilale kidogo ili tairi isigonge.

Upande mmoja unahitaji mbao mbili zikiwa bega kwa bega. Tairi za nyuma za C8 ni 305/30 kwenye rimu ya inchi 20. Hizo ni sentimita 30.5 za mpira, na ubao mmoja ni mwembamba kuliko tairi. Nimeona mtu akilipandisha gari kwenye ubao mmoja mmoja, moyo wangu ukapanda nalo.

Mwisho wa mlango uukalishe juu ya rundo hilo la sentimita 15, ulimi ulale kwenye mbao. Sasa piga hesabu upya. Mlango wa mita 2 unatoka 15 hadi 43, yaani sentimita 14 kwa kila mita. Pua inaanza na mbao zenye 10, inazimudu. Kutoka mbao kwenda mlangoni mabadiliko ni 4 tu. Juu, mlango wa 14 unakutana na sakafu ya 4, mvunjiko ni 10, na tumbo linaruhusu 19. Gari limepita hata kabla injini haijawashwa.

Zikaze mbao kwa skrubu, na uzifunge kwenye trela kwa mkanda zisirudi nyuma. Usitumie matofali ya saruji yenye matundu chini ya mlango. Hayatoi onyo, yanabeba, yanabeba, kisha yanapasuka kwa mara moja. Hakikisha pia mhimili uko chini ya mistari miwili ya tairi, si katikati ya mlango ambapo hakuna anayepita.

Wapo wanaonunua rampu za povu gumu zilizotengenezwa kwa kazi hii. Ni nyepesi na safi. Za mbao ni nzito na zinachafua trela, ila ukiikanyaga moja vibaya unaenda dukani kununua nyingine kwa bei ya chakula cha mchana.

Andaa gari

Piga picha pande zote, na chini ya bampa, mwenye gari akiwapo. Zionyeshe saa. Mikwaruzo ya zamani ina tabia ya kuzaliwa upya siku ya kushusha.

Mafuta yawe robo tenki, inatosha. Zima king'ora, hasa kile kinachohisi gari likiinamishwa, la sivyo kitalia njia nzima na kuua betri. Toa vitu vilivyolegea ndani.

Shusha vioo vyote viwili kabla ya chochote. Sakafu ya trela yangu kati ya maboksi ya magurudumu ina upana wa kama mita 2.1. Toa 1.93, zimebaki sentimita 17, nane na nusu kila upande. Mlango wa gari haufunguki hapo. Kama trela yako ina dirisha kubwa la pembeni la kutokea, hongera. Kama haina, dereva anatokea dirishani, na mimi nina kitambi. Ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutumia winchi, mashine ya kamba iliyo mbele ndani ya trela, inayolivuta gari likaingia. Kunja vioo vya pembeni pia.

Jambo la kielektroniki halina mzaha. C8 zote zina gia za kujiendesha zenye klachi mbili, hakuna kijiti cha kuvuta kwa mkono kikakupa nyutro. Magari mengi ya siku hizi hufunga breki ya kuegeshea yenyewe unapofungua mlango au kuzima injini. Soma kitabu cha gari, ukurasa wa kukokota, ujaribu hapo hapo kwenye tambarare: weka nyutro, toka, sukuma kwa bega. Likisogea, endelea. Betri ikiwa dhaifu ichaji kwanza.

Livute kwa winchi

Naweza kuliendesha kuingia, nimeshafanya hivyo mara nyingi kwa magari mengine. Kwa gari la chini napendelea winchi, kwa sababu winchi inasimama pale pale ninapoachia kitufe. Mguu wa dereva unahitaji kufikiri kwanza. Na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Yakiteleza kwenye mbao yanazirusha nyuma kwa nguvu inayovunja mfupa wa mguu.

Nguvu si tatizo. Kilo 1,650 kwenye mwinuko wa sentimita 14 kwa mita zinadai mvuto wa kilo 230 hivi, ongeza kidogo kwa msuguano na vingazi vya mbao. Winchi za matrela haya kwa kawaida zinabeba mara nyingi zaidi ya hapo. Tatizo ni unyoofu. Chuma cha kukokotea hufungwa kwenye tundu lililo upande mmoja wa bampa, kwa hiyo gari linavutwa likienda kidogo mshazari kama mbwa anayekimbia. Kikaze mpaka mwisho. Kwenye baadhi ya magari nyuzi zake hukaza kinyume, usije ukadhani zimeliwa. Weka kitambaa kinene kati ya kamba na bampa.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mimi nasimama pembeni mwa gari nikiwa na rimoti, mkono mmoja ukipitia dirishani kwenye usukani. Mwenzangu, Mkongo wa Lubumbashi, analala ubavu chini na tochi akiangalia mwanga kati ya tumbo na rampu. Hana maneno mengi.

"Vidole vinne, kaka. Vitatu. Simama."

Nasimama. Anaangalia upande wa pili. "Twende."

Hakuna mtu kati ya gari na ukuta wa winchi. Hakuna mtu nyuma ya gari. Wenye magari hupenda kusimama hasa hapo nyuma, mikono ikiwa imenyooshwa kana kwamba watalidaka. Mwambie kwa heshima, "Mzee, tusaidie kukaa hapa pembeni." Tupia blanketi zito juu ya kamba ya winchi, ikikatika, blanketi linaila kasi yake. Vaa glovu, na mkono usikaribie ngoma wakati inazunguka.

Simama kwa makusudi mara tatu: pua inapofika mguuni pa ulimi, magurudumu ya mbele yanapovuka ukingo wa sakafu, na tumbo linapokuwa katikati ya ukingo huo. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mambo. Uzito umehamia mkia wa trela, springi zimelala, kipimo cha kwenye karatasi kimebadilika kidogo. Tochi iseme kabla hujabonyeza tena.

Lisimame wapi

Shingo ya trela inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo. Ikibeba pungufu, trela inaanza kutikisa mkia barabarani, na mkia ukishashika kasi ni vigumu kuutuliza. Ikibeba kupita kiasi, pikapu inainua pua na usukani unakuwa mwepesi.

Injini ya C8 iko nyuma. Likiingia kwa pua, uzito mkubwa unabaki nyuma ya trela, kwa hiyo inabidi lisogee mbele kuliko unavyodhani kwa macho. Kwenye trela yangu, kila sentimita 10 za kusogea mbele zinaongeza karibu kilo 30 kwenye shingo. Trela tupu ina kilo 1,800, gari 1,650, vifaa mia moja, jumla 3,550. Shingo inadai angalau 355. Nilipima mara ya kwanza kwenye mizani, nikasogeza, nikapima tena, kisha nikabandika utepe wa rangi sakafuni pale magurudumu ya mbele yalipokuwa. Tangu siku hiyo C8 yoyote inasimama kwenye utepe wa njano. Porsche 911 ina utepe wake.

Hilo la uzito lina upande wa sheria pia. Hapa Marekani, trela yenye kiwango cha uzito cha zaidi ya pauni 10,000, ikiungana na gari la kuvuta hadi jumla ikapita pauni 26,000, inakutaka leseni ya kibiashara ya daraja A. Ndiyo maana utaona matrela mengi yameandikwa pauni 9,990. Si bahati mbaya.

Kufunga

Iache winchi ikiwa imekaza kidogo, lakini isihesabiwe kuwa kifungo. Winchi ni ya kuvuta tu.

Tumia mikanda minne ya racheti ya upana wa inchi 2, kila mmoja ukiwa na kiwango cha kazi cha pauni 3,333, kama kilo 1,500. Namba kubwa ya 10,000 iliyochapwa kwenye pakiti ni ya kukatikia, usiifanyie hesabu. Sheria ya malori ya biashara hapa inadai angalau mikanda miwili kwa gari dogo, ifungwe izuie kwenda mbele, nyuma na pembeni. Mimi nafunga minne, moja kwa kila gurudumu.

Fungia tairi. Vipo vikapu vya mkanda vinavyoikumbatia tairi kwa juu na kushuka pande mbili hadi pete za sakafuni. Gari linabaki huru kucheza kwenye shokapu zake, magurudumu yakiwa yamegandishwa. Wanaozungusha mkanda kwenye mikono ya sasipenshoni wanavuta vyuma vya alumini kwa upande ambao havikutengenezewa, na karibu yake pana bomba la breki. Na wale wanaokaza hadi gari linachuchumaa: barabara ikiwa mbaya linachuchumaa zaidi, mikanda inalegea, na likirudi juu linaikata kwa mshtuko.

Pete za sakafuni ziwe zimeshika fremu ya chuma, au zina bamba chini ya mbao. Pete iliyopigiliwa kwenye plaiwudi peke yake ni pambo. Mkanda usiguse rimu wala bodi ya kaboni. Kaza mpaka uupige kwa kidole na uitike, kisha kunja mkia wake uufunge.

Baada ya hapo washa breki ya kuegeshea, ila kama breki zimetoka kupata moto uwanjani, iache na utegemee mikanda na kabari. Usiliache gari likinguruma ndani ya boksi hata kwa dakika chache. Moshi wake hauna pa kwenda na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha. Mtu akiwa bado ndani anafunga, injini imezimwa.

Kabla ya kuondoka na njiani

Inua miguu ya mkia, funga mlango kwa kufuli na pini zote mbili, toa mbao, shusha pikapu, toa kabari. Zunguka mara moja ukiwa umefunga mdomo na simu iko mfukoni. Jaribu taa.

Simama ndani ya maili 50 za kwanza, kama kilomita 80. Ndivyo sheria inavyowataka wenye malori, na ndivyo mikanda inavyotaka, kwa sababu ndani ya umbali huo inakuwa imejipanga na kulegea. Kaza upya. Gusa vitovu vya magurudumu ya trela kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, bearingi au breki inakuambia kitu. Baada ya hapo simama kila unapoweka mafuta.

Kushusha

Pembe ni zilezile, kwa hiyo tuta, mbao na hesabu vinarudi. Watu huharakisha hapa kwa sababu safari imekwisha, na ndipo magari mengi yanapopata jeraha lake.

Kabla ya kuufungua mlango simama pembeni yake, si nyuma yake. Hujui kilichotokea ndani tangu ulipofunga. Ukishaona gari limetulia, panga ngazi ya mbao, shusha miguu ya mkia, kaza winchi mpaka kamba ijae, na ndipo ufungue mikanda, ya nyuma ikiwa ya mwisho. Nyutro. Iache winchi ilibembeleze kushuka huku mmoja akiwa chini na tochi. Mkia ndio unaotangulia kukutana na mbao safari hii, kwa hiyo anza kuuangalia huo.

Gari likishakuwa chini na mwenyewe ameshaanza kulipiga picha, rudi uhesabu mbao. Ni nane kila upande, jumla kumi na sita. Mimi nimeshaacha moja Kentucky na moja Ohio, na zote mbili nilizikumbuka nikiwa kwenye rampu ya gari linalofuata, mlango ukining'inia sentimita nne juu ya rundo.